Kunukuu, kuomba, leseni huria au kamera yako: klipu ipi ichukuliwe kwa njia ipi

Tuchukue video ya dakika sita kuhusu parachichi aina ya Hass, inayotengenezwa Tukuyu ili iwekwe YouTube, Facebook na TikTok. Maneno yameshaandikwa, sauti imesharekodiwa, sasa zinatafutwa picha za kuwekea juu. Zinatakiwa za mashamba yakionekana kutoka angani. Anatakiwa kiongozi aliyezungumzia bei kwenye televisheni. Anatakiwa yule fundi wa chaneli moja ya Kenya anayebebesha miche, yaani kuunganisha kipande cha mti mmoja juu ya mwingine, kwa mkono mwepesi. Inatakiwa ramani ya mvua, na muziki wa chini chini. Vyote vitano vipo mtandaoni, na bando likiwa zuri, kwa robo saa vimeshashushwa kwenye kompyuta. Kosa linaanzia hapo: vitu vitano vya aina tofauti vinazolewa kwa koleo moja.

Njia halali ni nne.

| Njia | Inachokugharimu | Inakoshindwa |
|---|---|---|
| Kunukuu | Si pesa. Ni kuwa na la kusema juu ya klipu | Klipu ikiwa pambo tu, au ikiwa ndiyo uhondo wenyewe wa kazi ya mtu |
| Kuomba ruhusa | Ujumbe, siku kadhaa, pengine malipo | Aliyekukubalia siye mwenye video |
| Leseni huria | Kusoma masharti na kumtaja mwenyewe | Aliyeweka leseni hakuwa na haki ya kuiweka |
| Kurekodi mwenyewe | Nauli, muda, betri | Tukio limeshapita |

Kabla ya kuchagua, kila klipu iulizwe swali moja: video yangu inaizungumzia klipu hii, au imeiweka ili ipendeze? Kiongozi akitaja bei nawe ukaipinga hesabu yake, klipu ni hoja. Mashamba ya angani yakipita huku wewe unaeleza mbolea, klipu ni pambo. Hoja hunukuliwa. Pambo hurekodiwa, huombwa au huchukuliwa penye leseni, hata kama ni la sekunde tatu.

Kunukuu

Kwa Tanzania Bara, sheria ni ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999. Kifungu chake cha 12 kinaruhusu kunukuu kazi bila kumwomba mwenyewe, kwa masharti: nukuu iwe ya uungwana, isizidi urefu ambao lengo lako linauhitaji, na chanzo pamoja na jina la mtunzi vitajwe. Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA. Huku Bara ofisi ni COSOTA. Kazi haihitaji kusajiliwa popote ndipo ilindwe. Inalindwa tangu inapotengenezwa, kwa hiyo ile hoja ya "mbona hajaandika kuwa haki zote zimehifadhiwa" haina kazi.

Marekani wana kitu kinachofanana nacho lakini si kilekile. Kifungu cha 107 cha sheria yao ya 1976 kinapima mambo manne: unaitumia klipu kwa lengo gani, kazi yenyewe ni ya aina gani, umechukua kiasi gani na sehemu ipi, na je, umemharibia mwenyewe soko lake. Mtu wa Tukuyu inamhusu nini? Inamhusu kwa sababu YouTube inapokea malalamiko kwa utaratibu wa sheria nyingine ya Marekani, DMCA ya 1998. Uko Tukuyu, wilayani Rungwe, kwa hiyo sheria ya Tanzania iko juu yako. Video imekaa kwa Wamarekani, kwa hiyo malalamiko yanakwenda kwa taratibu za kwao. Nukuu nzuri ni ile inayopita milango yote miwili. Wa Tanzania unataka chanzo kitajwe. Marekani, kutaja chanzo si sharti wala si kinga. Wa Marekani unaangalia sana kama umeongeza kitu kipya juu ya klipu.

Sekunde za bure hakuna. Si saba, si kumi, si thelathini. Hizo namba zinazunguka kwenye magrupu kila mwaka na hakuna sheria, ya hapa wala ya kule, iliyoziandika.

Turudi kwa kiongozi wetu. Hotuba ni ya dakika nne, sentensi ya bei ni sekunde 11. Chukua hizo 11 tu, kisha uzikate mara mbili. Sauti yako itangulie: "Sikiliza hesabu ya kilo moja." Klipu sekunde sita. Isimamishe, picha ikiwa imeganda, ueleze kwa sekunde ishirini gharama ya dawa, kuchuma na usafiri ambayo hakuitaja. Rudi kwenye klipu sekunde tano. Funga kwa maneno yako. Jina la kituo na tarehe ya matangazo viandikwe juu ya picha tangu fremu ya kwanza ya klipu hadi ya mwisho. Ukiviweka kwenye maelezo ya chini peke yake, klipu ikihamia TikTok vinabaki nyuma. Nembo ya kituo usiifunike. Muziki wa kufungulia taarifa ya habari ukate, maana huo una mwenyewe mwingine na hauhitajiki kwa hoja yako.

Kinyume chake ni ile video ya mtu aliyejiweka pembeni ya kioo, anatazama dakika nne nzima, anacheka, anasema "duh". Mwaka 2017, katika kesi ya Hosseinzadeh dhidi ya Klein, mahakama ya shirikisho ya New York ililinda video ya ukosoaji iliyotumia zaidi ya dakika tatu za video yenye dakika tano na ushee, kwa sababu wakosoaji waliikata vipande na kuichambua kipande kwa kipande. Lakini hakimu huyohuyo akaweka angalizo kwamba si kila video ya namna hiyo inalindwa. Nyingine ni sawa na watu kukaa pamoja kutazama. Urefu haukuwaponza, na ukimya ungewaponza.

Mpira ni habari nyingine. Goli lililofungwa uwanja wa Sokoine ni la sekunde nane, lakini sekunde hizo ndizo ambazo kituo kilizilipia haki za matangazo. Umechukua kidogo kwa saa, umechukua chote kwa thamani. Ruhusa ya ofisa habari wa klabu nayo mara nyingi haitoshi, kwa sababu haki za picha za matangazo huwa zimeshauzwa kwa mwingine. Mchambuzi mwenye busara huchora ubao: duara kumi na moja, mishale, na sauti yake. Watazamaji wa uchambuzi wanaupenda ubao kuliko tunavyodhani.

Hila za kugeuza picha kama kwenye kioo, kuweka fremu ya rangi, kuongeza kasi kidogo au kupandisha sauti hazigeuzi wizi kuwa nukuu. Zinachofanya ni kuonyesha kuwa ulijua unachokifanya. Na lile tangazo la "sina nia ya kuvunja hakimiliki" chini ya video ni kama kuandika "sina nia ya kupita" huku umeshavuka uzio.

Kuomba ruhusa

Fundi wa kubebesha miche ni pambo au hoja? Kama unamkosoa anavyofunga nailoni juu ya kikonyo, ni hoja. Kama unataka tu wakulima wauone mkono wake, ni pambo zuri, na la kuombwa. Wengi hawaombi kwa kudhani watanyimwa, kumbe wenye chaneli ndogo za kilimo hukubali kwa furaha jina lao likitajwa. Tatizo kubwa liko kwenye namna ya kuomba. "Naomba kutumia video yako" ikijibiwa "sawa tumia", hamjakubaliana chochote: ipi, wapi, kwa muda gani, na kwa pesa ya nani?

Ujumbe unaosimama huwa hivi:

"Habari za leo kaka. Ninatengeneza video za kilimo hapa Tukuyu. Nimeona video yako ya kubebesha parachichi, kiungo hiki hapa. Naomba kutumia kuanzia 1:12 hadi 1:40 kwenye video yangu itakayowekwa YouTube, Facebook na TikTok. Itakuwa na matangazo na itabaki mtandaoni bila kikomo. Nitaikata na kuweka sauti yangu juu yake. Jina la chaneli yako litaonekana kwenye picha. Je, ulirekodi wewe mwenyewe? Na muziki uliomo ni wako? Ukikubali, niandikie 'nakubali' na jina lako kamili, na kama una faili halisi, naomba unitumie."

Kila sentensi hapo inaziba tundu. Dakika na sekunde zinazuia ugomvi wa "nilikupa kipande, umechukua video nzima". Matangazo yakitajwa mapema, hakuna atakayesema baadaye kuwa alidhani ni ya kujitolea. Faili halisi linakupa picha safi, na pia linathibitisha kuwa ndiye mwenyewe: asiye mwenyewe ataleta kilekile kilichoshushwa mtandaoni. Hifadhi picha ya skrini ya mazungumzo yote, tarehe ikionekana, pamoja na video iliyokamilika kwenye folda moja, nje ya simu.

Ukimwomba mzee wa Makete mwenye video ya shamba lake, usianze na WhatsApp. Piga simu, shikamoo itangulie, eleza, umsikilize, ndipo umwandikie: "Kama tulivyoongea leo asubuhi, baba..." na masharti yote yafuate. Neno la mdomo limejenga heshima, maandishi yanajenga ushahidi, na hapa unavihitaji vyote viwili.

Njia hii huanguka mahali pamoja: kwenye video za kutumiwa. Lori limeanguka Kitonga, klipu imeingia magrupu thelathini kabla ya saa sita mchana. Unamwomba mwenye ukurasa aliyeiweka, anasema chukua. Naye kaitoa kwenye grupu. Tofautisha mambo mawili: habari ya kwamba lori limeanguka haina mwenyewe, kila mtu anaweza kuisimulia, lakini picha ina mwenyewe, yule aliyesimama pembeni ya barabara na simu. Umtafute kwa faili: mwenye klipu ndefu zaidi, isiyo na nembo ya ukurasa, yenye sauti ya eneo lile na isiyofifishwa na WhatsApp, ndiye aliye karibu na chanzo. Ukimkosa, simulia bila klipu.

Ruhusa ya mpiga picha haimfungi anayeonekana. Majeruhi, mgonjwa, mtoto: hao wana mambo yao chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Leseni huria

Hapa mwenyewe ameshajibu kabla hujauliza. Kwenye YouTube, fungua vichujio vya utafutaji, chagua Creative Commons, yaani video zenye leseni huria. Kisha kwenye video yenyewe fungua maelezo mpaka chini uone leseni imeandikwa. Leseni ya Creative Commons ya YouTube ni ya kumtaja mtunzi, ile ya herufi BY: unaweza kukata, kuchanganya, hata kupata pesa, mradi umtaje. Nje ya YouTube utakutana na herufi nyingine, na hapo ndipo watu wanaponasa. NC inakataza matumizi ya kibiashara. Chaneli yenye matangazo, au video ya kampuni ya pembejeo, iiepuke NC kabisa. ND inakataza kubadilisha, na kuikata klipu ili uichanganye na zako ni kubadilisha, kwa hiyo kwa mhariri wa video ND haina faida. SA inadai kazi yako nayo itolewe kwa leseni ileile. Ukiwa unatengeneza video ya mteja wa Iringa aliyelipa ili iwe yake peke yake, SA moja tu inavuruga mkataba wote.

Kutaja kwenyewe ni mstari mmoja wenye vitu vinne: jina la video, jina la mtunzi, kiungo, na leseni. Mfano: "Klipu ya 2:05 hadi 2:14: (jina la video), ya (jina la chaneli), (kiungo), leseni ya CC BY. Imekatwa na kuondolewa sauti." Kuandika "picha kutoka YouTube" si kutaja, ni sawa na kusema mahindi yametoka sokoni.

Mtego mkubwa ni leseni ya mwizi. Mtu anapakia filamu ya mwenzake, anaiwekea Creative Commons, nawe unaichukua ukiwa na amani moyoni. Asiyekuwa na haki hawezi kuitoa. Dalili ni hizi: chaneli ina video za mitindo kumi isiyofanana, kuna nembo mbili kwenye picha, sauti ya msimulizi imekatwa ghafla. Piga picha ya fremu moja, uitafute kwa Google Lens; ikitokea mahali pengine kwa tarehe ya nyuma zaidi, achana nayo. Ukiridhika, piga picha ya skrini ya leseni siku hiyohiyo, maana mwenyewe anaweza kuibadilisha kesho, nawe utabaki bila cha kuonyesha.

Ramani ya mvua inapatikana hapa. Kazi za serikali ya shirikisho ya Marekani hazina hakimiliki kule kwao, na picha za satelaiti za NASA kwa kawaida hutumika bila malipo. Nembo yao ndiyo usiibandike kama vile wamekudhamini. Usifikiri hivyohivyo kwa Tanzania. Kisicholindwa hapa ni matini ya sheria na maamuzi ya mahakama. Ramani au video ya taasisi ya umma haiwi huru kwa sababu tu ni ya umma. Andika barua pepe uombe.

Hifadhi za klipu kama Pexels na Pixabay nazo zinaruhusu matumizi ya kibiashara. Kasoro yake ni ya macho: utapata mlima wa kijani wenye ng'ombe wa Ulaya, uuite Kitulo, na mtu wa kwanza wa Njombe atakayetazama atakuumbua kwenye maoni.

Kurekodi mwenyewe

Mashamba ya Rungwe yako dirishani. Daladala ya Uyole hadi Tukuyu, asubuhi kabla ukungu haujarudi, mlima wa upande wa pili wa bonde ukupe kimo, na umepata picha ambayo hakuna atakayeidai. Klipu kumi za sekunde kumi na tano, simu ikiwa imelazwa na kuegemezwa kwenye kitu, zinatosha picha za mashamba kwa video ya dakika sita. Drone inataka kibali, anza na mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA; na kupiga picha za biashara ndani ya hifadhi kama Kitulo au Ruaha kuna kibali na ada yake. Ngoma za asili hazina mtunzi mmoja, lakini sheria ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, kwa hiyo kikundi cha ngoma uongee nacho kabla ya kuwasha kamera.

Muziki, unaopita chini kwa chini

Wengi wanaolia kuwa video yao imedaiwa hawakuponzwa na picha. Umerekodi mwenyewe soko la Mwanjelwa, nyuma kuna duka limefungulia bongo fleva, na mashine imeusikia wimbo. Wimbo mmoja una angalau haki tatu: ya aliyeutunga, ya walioimba na kupiga, na ya mwenye rekodi. Ruhusa ya msanii uliyekutana naye Kabwe haimalizi zote kama rekodi ni ya lebo. Na sauti inayotolewa ndani ya TikTok imekubaliwa kwa matumizi ya ndani ya TikTok. Ukiishusha ile video na kuipeleka YouTube, ruhusa haikusafiri nayo. Dawa ni kufuta sauti ya klipu yote na kuweka chini yake sauti ya eneo uliyoirekodi kwa sekunde thelathini penye utulivu, halafu muziki kutoka maktaba ya sauti ya YouTube Studio, ukisoma kama wimbo huo unataka utajwe au la.

Dai na straiki si kitu kimoja

Dai la Content ID huletwa na mashine iliyolinganisha video yako na mafaili ya wenye haki. Video inaweza kubaki, ila pesa ya matangazo inakwenda kwa mdai, au video inafungwa kwenye nchi fulani. Dai halihesabiki kama kosa la chaneli. Fungua YouTube Studio uone sekunde zilizodaiwa. Unaweza kukata kipande, kunyamazisha wimbo au kuubadilisha, na dai likaondoka. Ukiona ulinukuu kihalali, pinga: mdai ana siku 30 za kujibu. Ukipinga ndani ya siku tano tangu dai liingie, mapato ya tangu siku ya kwanza yanashikiliwa mpaka shauri liishe. Ukichelewa, ya nyuma yameshakwenda. Akikataa, ukakata rufaa, ana siku saba, na hapo mchezo unabadilika, kwa sababu anaweza kuomba video iondolewe, na hiyo ndiyo straiki.

Straiki ni malalamiko ya kisheria. Tatu ndani ya siku 90, chaneli inafungwa. Wengi hukimbilia kuifuta video. Haisaidii, straiki inabaki palepale. Kama kosa ni lako, mwandikie mlalamikaji kwa adabu umwombe aondoe malalamiko, na ufanye mafunzo mafupi ya hakimiliki ambayo YouTube inakuelekeza, usubiri siku 90 ziishe. Kama nukuu yako ilikuwa safi, kuna notisi ya kupinga, naye mlalamikaji hupewa siku 10 za kazi za Marekani aonyeshe kuwa ameanza hatua za kisheria, la sivyo video inaweza kurudishwa. Ila soma fomu hiyo mara mbili kabla ya kubonyeza: inataka jina lako la kisheria na anwani, inampelekea mlalamikaji taarifa hizo, na aliye nje ya Marekani anakubali kwamba shauri linaweza kusikilizwa na mahakama ya kule YouTube iliko, California. Kwa klipu ya pambo ya sekunde nne, hakuna wa kuijaza.